Mgonjwa Anaweza Kumpa Nini Mgonjwa Mwenzake?



Mtu akiugua kijijini, twajua sote desturi yetu. Jirani huleta kuni, mwingine huleta unga, shemeji huja kuketi mlangoni na kuzungumza mpaka jua lichwe. Mwenye nguvu humpa asiye na nguvu. Jambo hilo halina shida kueleweka. Lakini liko swali jingine, gumu zaidi, nalo nataka tulifikiri pamoja: je, mtu aliyelala kitandani, asiye na kuni wala unga, asiyeweza hata kujigeuza ubavu, ana kitu gani cha kumpa mgonjwa aliyelala kitanda cha pili?

Wengi watajibu upesi: Hana kitu. Maskini wawili watakopeshana nini?

Jibu hilo lina sura ya akili, wala silidharau. Lakini naona si la kweli. Ili kuonyesha sababu nitachukua ugonjwa mmoja tu, maana kusema juu ya mateso yote kwa jumla ni kusema bure. Nitachukua ugonjwa wa nyonga, na kazi ile ya waganga wa hospitali ya kuondoa nyonga iliyoharibika na kutia nyingine iliyotengenezwa kwa mikono ya watu.

Kwanza mjue nyonga ni nini. Mmekwisha kuchinja mbuzi. Mmeona jinsi fupa la paja lilivyo na kichwa cha mviringo, cheupe, laini, kinachoingia katika kikombe cha fupa la kiuno na kuzunguka humo. Ndivyo tulivyo nasi. Kichwa hicho kikiwa kizima, mtu huchuchumaa, hulima, hupanda mlima, wala hakifikirii hata kidogo. Kikiharibika, kila hatua ni kama kusagwa. Nacho huharibika kwa njia nyingi: kwa uzee, kwa kuanguka na kuvunjika, na kwa kukosa damu ndani ya mfupa, hata mfupa hufa kama tawi lililokauka mtini. Njia hii ya mwisho twaijua sana katika Kongo, maana ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao watu wengi huuita SS, huziba mishipa midogo ya damu, na nyonga ni mojawapo ya mahali unapopiga. Kwa hiyo msidhani kwamba ni maradhi ya wazee tu. Kijana wa miaka 20 aweza kutembea kama babu yake.

Waganga walitafuta dawa yake muda mrefu. Mwaka 1891 mganga wa Ujerumani, Themistocles Gluck, alieleza viungo alivyovitengeneza kwa pembe za ndovu. Katika mji wa Mandalay, nchini Burma, mganga San Baw alitumia pembe hizohizo tangu mwaka 1960, akawatilia watu zaidi ya 300. (Nadhani wazee wetu, waliozibeba pembe kwa mabega mpaka pwani, wangeshangaa kusikia kwamba ndovu aweza kumtembeza bibi kizee.) Lakini mtu aliyefungua njia pana ni John Charnley, mganga mpasuaji wa hospitali ya Wrightington, Uingereza. Yeye alitengeneza kichwa kidogo cha chuma kisichoshika kutu, upana wake milimita 22 hivi, kikizunguka ndani ya kikombe cha plastiki, vyote viwili vikishikwa mfupani kwa namna ya saruji iliyojulikana kwanza kwa waganga wa meno.

Tusipite haraka hapa, kwa maana ndani ya habari hii swali letu limekwisha kuanza kujibiwa.

Mwanzoni, tangu mwaka 1958, Charnley alitumia plastiki yenye utelezi mwingi sana. Wagonjwa walisimama, wakatembea, wakafurahi. Baada ya miaka michache tu plastiki ile ililika, na vumbi lake likaharibu nyama na mfupa kando yake. Watu karibu 300 walikuwa wamekwisha kutiwa. Mganga hakuwakimbia; aliwapasua tena. Hata katika paja lake mwenyewe alitia vipande vya plastiki ili aone mwili utavipokeaje. Mwezi wa Novemba mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki nyingine, iliyo ngumu zaidi, nayo ilidumu. Kisha akawaomba wagonjwa wake jambo la ajabu: wakubali kwamba, siku watakapokufa, nyonga ile itolewe mwilini na kurudishwa hospitalini, ili ionekane imelika kiasi gani. Nao wako waliokubali.

Angalieni sasa. Wale 300 wa kwanza walituachia mafundisho makubwa, lakini siwezi kusema kwamba walitupa zawadi. Waliteswa na kosa wasilolijua, na haifai kuita zawadi kitu kilichotoka kwa mtu pasipo hiari yake. Wale wengine walioulizwa wakajibu ndiyo, hao walitoa kweli. Walimpa nani? Mgonjwa wasiyemjua, ambaye pengine alikuwa bado hajazaliwa. Siku hizi jambo hilo limekuwa kama kawaida. Waswidi walianzisha mwaka 1979 daftari la nchi nzima la nyonga zote zinazotiwa. Malawi walianzisha daftari lao mwaka 2005. Kwa madaftari ya namna hiyo wachunguzi walihesabu, mwaka 2019, kwamba katika nyonga 100 zilizotiwa, 58 hivi hudumu miaka 25. Hesabu hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Imekusanywa mgonjwa kwa mgonjwa: yangu ilidumu, yangu ilivunjika, yangu iliingia usaha.

Mtasema: Hayo ni mambo ya mbali, nasi tulikuwa tukisema juu ya kitanda cha pili. Vema, tuingie wodini.

Tuseme yuko mama mzee aliyeanguka karibu na kisima akavunja shingo ya fupa la paja. Amepasuliwa jana. Kitanda cha pili yuko msichana mwenye ugonjwa wa SS, ambaye amepasuliwa siku nne mbele yake. Asubuhi muuguzi anakuja na magongo na kumwambia mama asimame. Siku hizi hawamwachi mgonjwa alale majuma, kwa sababu damu isiyokwenda huganda katika mishipa ya mguu, na donge lake likifika mapafuni laweza kuua. Mama anakataa. Asema: “Mguu umeshonwa jana, mwataka upasuke leo?” Muuguzi anamweleza. Mganga anafika, naye anamweleza, kwa upole. Mama anawasadiki, tena anawaheshimu. Lakini mikono yake imeshika kitanda wala haikiachi.

Ndipo msichana asema: “Mama, nami niliogopa hivyo hivyo. Kidonda kitauma, sikufichi. Lakini yale maumivu ya zamani, ya kusagasaga ndani, hutayasikia tena. Nitazame.” Anasimama na magongo yake, anakwenda mpaka dirishani, anarudi.

Mama auliza: “Kweli, mwanangu?”

“Kweli, mama.”

Na mama anasimama.

Sasa tupime. Msichana alimpa mama kitu gani? Si elimu, kwani mganga anayo zaidi. Si nguvu, kwa kuwa hakuweza hata kumshika mkono. Alimpa ushuhuda. Mtu akifika penye mto asioujua, aweza kusikiliza kwa adabu maneno ya aliyepima kina chake kwa kamba. Lakini macho yake hutafuta nyayo zenye maji upande wa ng'ambo. Mganga amepima mto. Msichana ana miguu yenye maji.

Tena mtazame upande wa msichana, maana jambo hili lina pande mbili, na upande huu wa pili husahauliwa. Tangu utoto wake watu wameulizana juu yake: amekula? amelala? damu yake imepungua? Waliuliza kwa upendo. Lakini ni mara ngapi walimwuliza yeye neno ambalo wao hawakulijua na yeye alilijua? Mama alipouliza “Kweli, mwanangu?” alimweka msichana katika kiti cha mtu anayehitajiwa. Naona kitu hicho ni dawa ambayo hospitali haiwezi kuinunua, wala mzima hawezi kumpa mgonjwa kwa kutaka tu. Huwezi kumfanya mtu awe wa lazima kwako kwa kumhurumia.

Wale wanaodhani kwamba ni lazima mtu apone kwanza ndipo awasaidie wengine, wamkumbuke Kamili wa Lellis. Aliingia hospitali ya San Giacomo mjini Roma kwa sababu ya kidonda cha mguu, akawa mgonjwa na mtumishi wa wagonjwa humo humo. Safari ya kwanza alifukuzwa kwa ugomvi na kamari. Alirudi baadaye, akawa kiongozi wa kazi, akaanzisha chama cha kuwatunza wagonjwa, mpaka alipofariki mwaka 1614. Na kidonda kile hakikupona kamwe.

Hapa pananijia swali la wanafunzi wapenda kuchimba. Wataniuliza: Kama neno la mgonjwa mwenzangu lina nguvu namna hii, je, ni ruhusa nimwambie kwamba haiumi hata kidogo, ili asimame upesi? Si uongo wa kumpatia mema?

Najibu: Hapana, wala sitaki kulijibu kwa amri tu, nataka mwone sababu yake. Nguvu ya neno lile imetoka wapi? Imetoka katika kwamba ni kweli, tena ya mtu asiye na faida ya kupata kwa kuisema. Mama akisimama na kukuta kwamba inauma sana, katika saa moja amekwisha kujua kwamba msichana alimdanganya. Tangu hapo kila neno la wodi ile limepungua thamani, hata yale ya kweli atakayoyahitaji kesho, siku atakapoingiwa na woga mwingine. Msichana wetu alisema “kidonda kitauma, sikufichi”, na kwa ajili ya maneno hayo machache mama aliyasadiki yaliyofuata. Anayeondoa uchungu katika ushuhuda ameondoa ushuhuda wenyewe.

Lakini si kila kweli hutamkwa kila saa. Mtu ambaye nyonga yake ilichomoka mara mbili si lazima amsimulie mwenzake usiku ule wa kuamkia kupasuliwa. Kunyamaza si kusema uongo. Na kama mwenzake akimwuliza wazi? Hapo watu wema hawapatani. Mimi nasema amjibu, kwa ufupi, kisha amwambie jinsi alivyosaidiwa.

Ila nisisifu kupita kiasi. Wodi ya wagonjwa si jamii ya malaika. Humo mna kukoroma, mna kulalamika, mna wivu juu ya yule anayeletewa kuku kila Jumapili. Nalo liko tendo baya hasa, linalofanana sana na msaada, nalo ni kujipima. “Mimi nilitupa magongo juma la tatu, wewe bado?” Anayesema hivyo adhani anatia moyo, kumbe anajisifu, na mwenzake hulala akijiona mvivu. Au asema: “Mimi nimekalia kigoda, wala sikupata neno.” Kwa kweli huyo aweza kumvunja mwenzake. Mganga aliyeingia nyongani kwa nyuma humkataza mgonjwa, kwa majuma kadhaa, kukunja nyonga kupita pembe ya mraba, kupachika mguu juu ya mguu mwingine, na kugeuza vidole vya mguu ndani. Aliyepasuliwa kwa mbele aweza kupewa masharti mengine, na mara nyingi mepesi zaidi. Mmoja huruhusiwa kuukanyagia mguu uzito wote, mwingine nusu tu. Mwenzako ni shahidi wa mwili wake. Wa kwako bado haujatoa ushuhuda wake, na mwenye kuusimamia ni mganga aliyeufungua.

Yako hata hivyo maarifa madogo yanayoweza kupita kitanda kwa kitanda bila hatari, nayo hupita kweli. Fimbo ishikwe mkono wa upande ulio mzima, si upande wa ugonjwa kama wengi wanavyofanya kwa kufuata maumivu. Kupanda ngazi, mguu mzima utangulie. Kushuka, mguu uliopasuliwa utangulie pamoja na fimbo. Usiku, mto uwekwe katikati ya miguu. Muuguzi huyasema mara moja, mgonjwa huitika bila kuyashika. Mwenzake huyarudia mara kumi, kwa sababu yeye hana pa kwenda.

Na sasa niguse jambo la aibu, kwani hapa ndipo wengi huumia kuliko kidondani. Mtu mzima, baba wa watoto, pengine mzee wa ukoo, anahitaji kusaidiwa kuvaa na kwenda chooni. Akisaidiwa na mwanawe, anaona dunia imepinduka. Akisaidiwa na mkwewe, bora afe. Hata muuguzi, ambaye hiyo ndiyo kazi yake, anamsaidia akiwa amesimama na yeye amelala. Msaada wa mzima hushuka kutoka juu, hata ukiwa na upole wote; na anayeupokea huhisi ule urefu.

Lakini angalieni wawili hawa. Mmoja ametiwa nyonga mpya: ana mikono miwili mizuri, ila amekatazwa kuinama, hawezi kuufikia mguu wake mwenyewe. Wa pili amevunjika mkono, umefungwa kwa plasta: yeye huinama apendavyo, lakini vifungo vya shati vimemshinda. Asubuhi huyu wa mkono huinama akamvika mwenzake kiatu. Yule wa nyonga, akiwa ameketi kwenye kiti kirefu, humfungia mwenzake shati kifungo kwa kifungo. Kikombe kikianguka sakafuni ni mwenye mkono mmoja anayekiokota. Barua ikifika ni mwenye mikono miwili anayeifungua. Kwa hao wawili hakuna aliye juu. Nimetafuta kati yao aibu iko wapi, sikuiona.

Mwenye akili ya sokoni atasema: Basi hiyo ni biashara, nikupe unipe. Sivyo. Katika biashara watu huhesabu. Hapa hakuna anayehesabu viatu na vifungo, na hata angehesabu, hesabu haitatimia, kwa sababu mmoja huruhusiwa kurudi nyumbani Alhamisi na mwingine hubaki. Aliyeondoka hana njia ya kulipa. Kitanda chake kinapanguswa, shuka linabadilishwa, na mgonjwa mpya analazwa, macho yake yakizunguka kwa hofu. Aliyebaki humgeukia huyo. Hakupokea kitu kwake, naye anaanza kumpa: hapa panaitwa hivi, chakula huja saa hii, yule muuguzi ni mkali lakini ana mkono mwepesi. Deni halirudi nyuma kwa aliyekukopesha. Linakwenda mbele kwa anayekuja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wale wagonjwa wa Wrightington walioziacha nyonga zao.

Shida huanza kwa namna mpya siku ya kurudi kijijini. Hospitali iko juu: kitanda kirefu, kiti kirefu, choo cha kukalia. Kijiji chetu kiko chini. Tunaketi kwenye mkeka na kigoda, tunapika juu ya mafiga matatu, tunachuchumaa chooni, tunalima kwa kuinama. Karibu kila kitu alichokatazwa mwenye nyonga mpya ndicho anachokikuta mlangoni pake. Ndugu zake wanampenda, lakini wanamtandikia mkeka kwa heshima. Wanamwona ametembea, wanadhani amepona, wanamsogezea kigoda karibu na moto. Naye anaona haya kukataa. Hapo hakuna kitanda cha pili.

Ndiyo maana naona ni kazi ya haki, wala si ya hiari tu, kwamba yule aliyepona mwaka uliopita amtembelee huyu aliyerudi juzi, hata kama ni kijiji cha pili. Yeye ndiye anayejua kwamba seremala aweza kutengeneza kiti chenye shimo cha kuweka juu ya choo. Kwamba matofali machache huinua jiko mpaka kiunoni. Kwamba mama asiyeweza kulima aweza kupepeta na kuchambua maharagwe akiwa ameketi mahali palipoinuka. Yeye aweza kumwambia mwenye nyumba mambo ambayo mgonjwa anaona haya kuyasema.

Najua kwamba wengi wakipona hawataki tena kusikia habari za nyonga. Wanataka kuwa watu kama watu wengine, na fimbo wanaificha nyuma ya mlango. Siwalaumu sana. Aliyetoka mtoni hapendi kurudi majini. Lakini si lazima aingie majini. Inatosha asimame ukingoni aonekane.

Na kama ana magongo ambayo hayahitaji tena, asiyaache yaliwe na mchwa. Ayapeleke. Kabla ya kumwachia mwenzake ayapime kwanza: mtu akisimama wima, kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole viwili au vitatu, na uzito ukae mikononi, si kwapani. Tena atazame mpira wa chini. Ukiwa umelika, autoe na kutia mwingine, maana huo ndio unaoteleza penye udongo uliolowa.